Vinoo vya Wembe na Changarawe za Tunduru

Kinolewacho hupata, walisema wahenga. Hata hivyo, kila mhunzi, seremala na kinyozi anajua kwamba si kila jiwe laweza kukipa chuma makali. Jiwe moja huufanya wembe upite juu ya ngozi pasipo kuhisiwa. Jingine, ambalo huenda ni gumu zaidi, huuacha ukikwaruza kama msumeno. Kwa nini iwe hivyo, ilhali mawe yote mawili yana ugumu unaozidi ule wa chuma?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la vinyozi tu. Kwa hakika linagusa fizikia, kemia na jiolojia, na linawahusu kwa namna ya pekee wakazi wa Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma. Madini mawili yaliyo maarufu duniani katika kazi ya kunoa, yaani korandamu na ganeti, yamo katika changarawe za mito ya wilaya hiyo, na wachimbaji huyashika kila siku wanapotafuta vito.

Makali chini ya hadubini

Makali ya wembe ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma cha pua hukutana. Wembe ulionolewa vizuri huwa na ukingo wenye unene usiofikia maikroni 1. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu huwa na unene wa maikroni 50 hadi 100 hivi. Kwa hiyo ukingo wa wembe ni mwembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 50.

Pembe ya makali nayo ina umuhimu wake. Wembe wa kukunja, ule waliotumia vinyozi wa zamani, umetengenezwa kwa busara kubwa. Anayeunoa huulaza juu ya kinoo hata mgongo wake na ukingo wake viguse jiwe kwa pamoja, na hivyo mgongo wenyewe huamua pembe. Chukua wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wenye unene wa milimita 5. Mwanafunzi anayejua tanjiti ataona kwamba nusu ya pembe ni ile ambayo tanjiti yake ni 2.5 kugawanywa kwa 18. Pembe nzima, basi, ni nyuzi 16 hivi. Kisu cha jikoni aghalabu huwa na pembe ya nyuzi 30 hadi 40.

Chembe za kinoo zinapopita juu ya chuma, kila moja huchimba mfereji mdogo. Mifereji hiyo ikifika ukingoni huacha meno. Mifereji yenye kina kirefu huacha meno makubwa, na mifereji isiyo na kina huacha meno madogo mno hata ngozi isiweze kuyahisi. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kinoo cha shoka na kinoo cha wembe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wembe hupoteza makali kwa kukata kitu kilicho laini sana. Unywele ni laini kuliko chuma cha pua kwa mara 50 hivi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa hadubini ya elektroni. Waliona kwamba ukingo wa wembe haulikagi tu polepole, bali humeguka vipande vidogo pale ambapo unywele unajipinda chini ya makali na muundo wa ndani wa chuma si wa namna moja. Kwa hiyo kinoo kinachoacha ukingo wenye meno yasiyolingana hutayarisha mahali pa mmeguko unaofuata.

Ugumu ni sharti la kwanza

Mwaka 1812, mtaalamu wa madini Friedrich Mohs aliyapanga madini kumi kwa kuangalia ni lipi linaloweza kulikwaruza jingine. Ulanga laini ulipewa namba 1, jasi 2, kalsaiti 3, na kuendelea hadi kwatsi namba 7, topazi 8, korandamu 9 na almasi 10. Chuma cha pua kilichokazwa kwa moto na maji, kama kile cha wembe, huwa karibu na 6 au 7. Ndiyo maana jasi haiwezi kunoa wembe hata ikisuguliwa mwaka mzima, ilhali kwatsi huweza, ingawa kwa shida.

Lakini mpangilio wa Mohs huonyesha zamu tu. Hauonyeshi ukubwa wa tofauti. Ugumu ukipimwa kwa kukandamiza ncha ya almasi juu ya madini, korandamu hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi cha kwatsi, nayo almasi huizidi korandamu kwa mara tatu au nne. Nafasi kati ya 9 na 10, basi, ni pana kuliko nafasi kati ya 1 na 9.

Kama ugumu peke yake ungetosha, kinoo kizuri kuliko vyote kingekuwa kipande chochote cha korandamu. Historia ya vinoo inaonyesha vinginevyo.

Mawe ya kale yakilinganishwa

Katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, karibu na mji wa Vielsalm, kuna tabaka jembamba la mwamba wa rangi ya manjano liitwalo kotikuli. Kwa karne nyingi jiwe hili limepelekwa nchi za mbali kwa ajili ya nyembe. Ndani yake mna chembe za ganeti zilizofungwa katika ulanga. Ganeti hizo ni ndogo, nyingi zikiwa na upana wa maikroni 5 hadi 15 hivi, na zinakaribiana kwa ukubwa. Aidha, fuwele ya ganeti ina pande nyingi na umbo linalokaribia mviringo, hivyo huchimba mfereji mpana usio na kina. Kwa sababu hiyo jiwe hili huacha ukingo laini kuliko ambavyo ukubwa wa chembe zake ungefanya mtu atarajie.

Katika jimbo la Arkansas, Marekani, huchimbwa jiwe liitwalo novakulaiti. Karibu lote ni silika: chembe ndogo mno za kwatsi zilizoshikamana kwa nguvu kama matofali yasiyo na chokaa katikati. Kwatsi huzidi ugumu wa wembe kwa kiasi kidogo tu, na chembe zake hazing'oki upesi. Matokeo yake ni kinoo kinachokata polepole, kinachodumu miaka mingi, na kinachoacha ukingo unaong'aa. Hutumiwa kwa mafuta ili unga wa chuma usizibe uso wake.

Wajapani, kwa upande wao, walitegemea mawe laini kutoka milima iliyo karibu na Kyoto. Chembe za silika ndani ya mawe hayo hung'oka upesi na kusagika zaidi kadiri kazi inavyoendelea. Tope linalofanyika juu ya jiwe ndilo linalonoa. Katika Thuringia, Ujerumani, vinyozi walipendelea jiwe la sleti linalotumiwa kwa maji.

Korandamu nayo ilitumika tangu zama za kale, hasa kutoka kisiwa cha Naxos, Ugiriki, ambako imechanganyika na madini ya chuma na kufanya mwamba mweusi uitwao emeri. Hata hivyo emeri ilitumika zaidi kusaga na kusugua mawe na vyuma kuliko kumalizia nyembe. Chembe zake ni ngumu mno, lakini nyingine ni kubwa na nyingine ni ndogo. Chembe moja kubwa miongoni mwa elfu ndogo yatosha kuharibu ukingo wote.

Hapa ndipo linapopatikana fundisho kuu la kulinganisha vinoo. Ugumu huamua kama jiwe litakata. Ukubwa, umbo na ulinganifu wa chembe huamua litaacha makali ya namna gani. Na kile kinachozishika chembe huamua kama kinoo kitajifua upya au kitaziba. Ganeti ya Ubelgiji, ambayo kwa ugumu ni 7 hivi, ilishinda emeri yenye korandamu ya 9 kwa sababu maumbile yalikuwa yameshaichagua kwa ukubwa.

Mawe yaliyozaliwa tanurini

Mwaka 1891, Mmarekani Edward Goodrich Acheson alipasha udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa kwa mkondo mkali wa umeme, akapata fuwele ndogo zilizong'aa na zenye uwezo wa kukwaruza kioo kwa urahisi. Alidhani amepata mchanganyiko wa kaboni na korandamu, akaziita karborandamu. Baadaye ilifahamika kwamba ni kabidi ya silikoni, ambayo ugumu wake huzidi kidogo ule wa korandamu. Jina la makosa lilibaki, na mpaka leo mafundi wengi huliita hivyo jiwe la kijivu la dukani.

Mwishoni mwa karne hiyo hiyo wahandisi walifaulu pia kutengeneza korandamu yenyewe kwa kuyeyusha boksaiti katika tanuri la umeme. Kazi hiyo huhitaji joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kutokana na madini hayo mawili vilitengenezwa vinoo vidogo vya vinyozi, kama vile vya Swaty kutoka Maribor, mji ambao sasa umo nchini Slovenia. Kinyozi alipitisha wembe mara chache juu ya kinoo kama hicho, kisha juu ya ukanda wa ngozi, na kuendelea na kazi.

Ushindi wa kiwanda haukutokana na ugumu pekee. Kiwanda kiliweza kusaga, kuchambua na kupanga chembe kwa ukubwa, kisha kuziunganisha kwa udongo uliochomwa. Namba zinazoandikwa juu ya vinoo vya siku hizi hueleza mpangilio huo. Katika utaratibu wa Kijapani, kinoo namba 1000 huwa na chembe za maikroni 11 hadi 15 hivi. Namba 4000, maikroni 3. Na namba 8000, kati ya maikroni 1 na 2. Wembe hupitishwa kwa zamu, kila kinoo kikifuta mifereji ya kile kilichotangulia.

Changarawe za Tunduru

Wilaya ya Tunduru imo kati ya Songea na Masasi, na upande wa kusini inapakana na Msumbiji kwa Mto Ruvuma. Wayao, ambao ni wengi wilayani humo, wana historia ya ufuaji wa chuma. Padri Yohanna Abdallah, katika kitabu chake cha historia ya Wayao kilichochapishwa mwaka 1919, aliwataja Wachisi, ukoo uliosifika kwa uhunzi. Jembe na kisu vilivyofuliwa vilihitaji jiwe la kuvinoa.

Katikati ya miaka ya 1990 wilaya hii ilijulikana duniani kwa sababu nyingine. Maelfu ya wachimbaji walifurika kwenye mabonde ya mito, ukiwamo Mto Muhuwesi, wakichekecha changarawe kutafuta vito. Walipata yakuti za rangi nyingi, spineli, krisoberili na ganeti, na wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka.

Yakuti si kitu kingine ila korandamu safi. Kikemia ni oksidi ya alumini, alumini 2 kwa oksijeni 3. Kromiamu kidogo huifanya kuwa nyekundu; chuma na titaniamu huifanya kuwa ya samawati. Ilifanyika ndani ya miamba iliyopondwa na kupashwa joto kali wakati mabara ya kale yalipogongana, kati ya miaka milioni 650 na milioni 500 hivi iliyopita. Aghalabu korandamu haizaliwi pamoja na kwatsi, kwa kuwa silika ikiwapo kwa wingi hujiunga na alumini na kufanya madini mengine. Ikiwa leo mawe hayo mawili yanalala pamoja katika changarawe moja, aliyewakutanisha ni mto.

Mto ulifanya kazi nyingine pia. Uliipeleka mbali michanga myepesi na kuacha nyuma mawe mazito. Sentimita moja ya ujazo ya kwatsi ina gramu 2.65, ya spineli, 3.6; ya krisoberili, 3.7, na ya korandamu, 4.0. Tofauti hizi zina faida kubwa kwa mchimbaji mdogo. Anayejaribu jiwe lake kwa kulikwaruza anaweza kuharibu kito na kupoteza bei yake, lakini anayelipima uzito hewani na kisha ndani ya maji, kwa kanuni ya Archimedes inayofundishwa shuleni, huweza kutofautisha yakuti na spineli pasipo kuliacha alama hata moja. Asiyejua tofauti hiyo hupangiwa bei na anayeijua.

Je, korandamu isiyofaa kuwa kito yaweza kuwa kinoo? Kwa ugumu, ndiyo. Kibiashara, ni vigumu: tanuri za umeme hutoa korandamu iliyo sawasawa na kwa bei nafuu. Ganeti ingali inachimbwa nchini Australia na India kwa ajili ya kukatia vyuma kwa maji yenye shinikizo kubwa, lakini huko hupatikana kwa wingi katika michanga. Thamani ya mabaki ya Tunduru kwa sasa ni zaidi ya kielimu, nayo si haba.

Maji kama chekeche

Hakuna chekeche la kawaida linaloweza kutenganisha chembe za maikroni 5 na za maikroni 10. Maji huweza. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba mwendo wa chembe ndogo inayozama hutegemea mraba wa kipenyo chake. Chembe yenye kipenyo maradufu huzama kwa kasi mara nne.

Tuchukue chombo chenye maji yenye kina cha sentimita 10. Chembe ya korandamu ya maikroni 20 itafika chini kwa dakika 2 na nusu hivi. Ya maikroni 10, kwa dakika 10. Ya maikroni 5, kwa dakika 40. Nayo ya maikroni 1 itahitaji saa 17. Anayekoroga unga, akangoja dakika 10, kisha akamimina maji ya juu katika chombo kingine, atakuwa ameziacha nyuma chembe zote zilizozidi maikroni 10. Njia hii haihitaji mashine yoyote ila saa na subira.

Jaribio kwa shule

Walimu wanaweza kufanya jaribio lifuatalo kwa kutumia visu vya jikoni; nyembe zisitumiwe.

1. Tafuta visu vitatu vya aina moja, kinoo cha karborandamu cha dukani, na jiwe laini la mtoni.

2. Sugua vipande viwili vya karborandamu pamoja ndani ya maji mpaka lipatikane tope. Koroga, ngoja, na umimine kama ilivyoelezwa, ili kupata unga mkubwa na unga mdogo. Sentimita moja ya ujazo ya karborandamu ina gramu 3.2, wanafunzi wakokotoe muda mpya wa kungoja.

3. Noa kisu cha kwanza kwa jiwe la mtoni, cha pili kwa kinoo cha dukani, na cha tatu kwa kinoo hicho hicho, kisha ukimalizie kwa unga mdogo uliopakwa juu ya ubao uliofunikwa kwa ngozi. Kila kisu kipitishwe mara 40.

4. Vuta uzi wa pamba kati ya misumari miwili. Laza makali ya kisu juu ya uzi, tundika kopo kwenye kisu, na ongeza maji polepole mpaka uzi ukatike. Pima uzito wa kisu, kopo na maji. Rudia mara tano na utafute wastani.

Uzito mdogo humaanisha makali mazuri. Darasa lijadili kwa nini visu viwili vilivyonolewa kwa madini yenye ugumu ule ule vimetoa matokeo tofauti.

Vumbi na damu

Kazi hii ina hatari mbili ambazo hazina budi kuelezwa waziwazi. Ya kwanza ni vumbi. Katika karne ya 19 wasagaji wa visu na uma mjini Sheffield, Uingereza, walitumia magurudumu ya jiwe la mchanga. Waliosaga pasipo maji walivuta vumbi la kwatsi, na wengi walifariki kabla ya kufikia umri wa miaka 40. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba mpaka leo. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo zisizoonekana kwa macho, yaani ukubwa ule ule unaofaa kunolea wembe. Kwa hiyo mawe yasagwe na kunolewa yakiwa yamelowa maji, wala yasipondwe makavu darasani.

Hatari ya pili ni ya damu. Wembe mkali waweza kudhaniwa kuwa ni wembe safi, lakini vipimo vinakanusha dhana hiyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vina kipenyo cha maikroni 0.042 hivi, na vile vya UKIMWI maikroni 0.1 hivi. Mfereji wenye upana wa maikroni 1 ulioachwa na kinoo kizuri kabisa ni bonde pana kwao. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Kunoa hakuviui; maji ya kinoo na ukanda wa ngozi vinavyotumiwa kwa wateja wengi vyaweza hata kuvisambaza. Katika kinyozi, kama katika jando, kila mtu apate wembe wake mpya, au chombo kilichotakaswa kwa njia inayokubaliwa na wataalamu wa afya.

Kinoo, basi, ni chombo kidogo chenye elimu nyingi. Jiwe la Ubelgiji lilisifika kwa sababu maumbile yalizichambua chembe zake. Jiwe la kiwandani lilisifika kwa sababu binadamu alijifunza kuzichambua mwenyewe. Mito ya Tunduru imeshatimiza sehemu ya kazi hiyo kwa kutenga mazito na mepesi. Sehemu iliyobaki, ya kupima, kutambua na kupanga, yaweza kuanza katika darasa lolote lenye mizani, saa na chombo cha maji.